Hela za TASAF: zinapunguza umaskini au zinaleta uvivu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na kanda ya kati

Majibu haya yanahusu zaidi Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na unaozipa kaya maskini fedha mkononi, yaani ruzuku, kwa sababu ndio unaobishaniwa sana vijijini Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chemba, na hata mitaani Dodoma mjini. Mifano ya nje tumeileta pale tu inapofafanua jambo la hapa.

Mpango huu ulianza lini, na Dodoma imeingiaje?

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na mwanzoni ilijenga zaidi miundombinu: madarasa, zahanati, visima. Kumpa mtu fedha mkononi kulikuja baadaye. Malipo ya majaribio yalianza mwaka 2010 katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa kwenye jaribio, 40 vikapata fedha kwanza na 40 vikasubiri, kwa kura. Kwa hiyo Chamwino ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambako swali la "fedha inafanya nini kwa mtu maskini" lilipimwa kwa kulinganisha kijiji na kijiji, badala ya kubahatisha. Mpango wa nchi nzima ulizinduliwa mwaka 2012, ukakua hadi kufikia zaidi ya kaya milioni moja. Awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020.

Nipeni jibu fupi: mtu akipewa hela anaacha kazi?

Haachi. Mwaka 2017 watafiti wanne, akiwemo Abhijit Banerjee aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walikusanya majaribio saba ya ruzuku kutoka nchi sita: Meksiko, Honduras, Nikaragua, Ufilipino, Indonesia na Moroko. Hawakuona dalili ya kueleweka kwamba wanaume au wanawake walipunguza kazi kwa sababu ya ruzuku.

Lakini jibu hilo peke yake halimtoshi mtu wa Dodoma, maana hapa watu wanaona kwa macho yao kuna kitu kinabadilika. Wanachokiona ni kweli. Wanakipa jina lisilo lake, kama swali linalofuata linavyoonyesha.

Tangu hela hizi zije, kupata vibarua wa palizi ni shida. Huo si uvivu?

Hili ndilo swali la wenye mashamba makubwa, na linastahili jibu refu.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinaisha Aprili, na kiasi chake kwa kawaida ni milimita 500 hadi 600 hivi. Mtama, uwele, karanga na alizeti vyote vinategemea dirisha hilo hilo. Januari na Februari ndiyo miezi mibaya kwa kaya maskini: ghala limekwisha, mavuno yako Mei au Juni, na palizi ya kwanza haisubiri. Mtama unataka kupaliliwa ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kuota. Ukichelewa, magugu yanakula maji na mbolea ile kidogo iliyopo, na kama shamba lina kiduha, mmea unanyonywa mizizini kabla hujaona lolote juu.

Sasa mtazame mama mwenye ekari mbili na watoto watatu. Asubuhi hana unga. Akienda kulima kwa mtu atarudi na hela ya kilo mbili za unga, na watoto watakula leo. Kesho vile vile. Shamba lake analipalilia wiki ya tano au ya sita, analifikia likiwa njano. Anavuna gunia mbili mahali ambapo angevuna nne au tano. Januari inayofuata ghala linakwisha mapema zaidi, naye anarudi kwenye kibarua kile kile. Amefanya kazi kuliko mtu yeyote kijijini, na maskini amebaki.

Mama huyo huyo akipokea malipo ya miezi miwili, tuseme shilingi 44,000, na kilo ya mahindi ikiwa shilingi 1,000, ana kilo 44. Kaya ya watu watano inayokula kilo mbili kwa siku inapata siku 22. Kwa jembe la mkono, ekari moja ya palizi inamchukua mtu mmoja kama wiki nzima au zaidi kidogo. Siku 22 zinatosha ekari zake mbili kabla mtama haujaharibika.

Kwa hiyo ukimtafuta aje kukupalilia humpati, kwa sababu yuko kwake anapalilia. Zambia na Malawi, ambako mipango ya namna hii ilipimwa, kitu hicho hicho kilionekana: kaya zilipunguza kazi za kibarua kwenye mashamba ya watu na kuongeza saa kwenye mashamba yao. Mwenye shamba kubwa anapata hasara ya kweli hapo, hatuwezi kuificha. Itambidi apandishe ujira, au akodishe trekta mapema, au apalilie kwa ng'ombe. Ila kuiita hali hiyo uvivu ni kumsingizia mama wa watu.

Mwalimu alikuwa akikumbusha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hamuoni ruzuku inavunja msingi huo?

Methali hiyo inazungumza na mtu mwenye nguvu anayekaa kivulini wakati wenyeji wanalima. Kwenye orodha za kaya maskini utakuta bibi anayelea wajukuu wanne, mjane mwenye mtoto mlemavu, mzee anayeishi peke yake, na kaya ambazo watu wazima wake tayari wanalima kila siku. Wengi wao jembe wanalo. Walichokosa ni chakula cha kula wakati wanalima. Hata mgeni wa methali amekula siku mbili kabla hajakabidhiwa jembe.

Wanaume si wanainywea tu?

Wapo wanaoinywea, kama walivyopo wanaonywea mshahara na hela ya alizeti. Suala ni kama ruzuku inaongeza ulevi. Uchambuzi wa David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia ulipitia tafiti 19 kuhusu fedha za ruzuku, pombe na tumbaku, na haukukuta ongezeko. Mara nyingi matumizi hayo yalishuka kidogo. Katika mpango wetu mpokeaji mkuu kwa kawaida ni mwanamke wa kaya, na hilo linasaidia.

Kama kuna mlengwa anayenyang'anywa hela na mumewe au mtoto wake, peleka jambo hilo kwa kamati ya mpango ya kijiji au kwa afisa ustawi wa jamii. Mpokeaji anaweza kubadilishwa.

Kaya inapata kiasi gani hasa?

Viwango hubadilika kwa awamu, kwa hiyo ulizia vya sasa kwa mratibu wa halmashauri yako. Tunatumia vya awamu ya kwanza ya malipo ya nchi nzima kwa sababu vinaonyesha vizuri muundo. Kila kaya ilipata 10,000 kwa mwezi. Kama ina mtoto, iliongezewa 4,000. Mtoto mdogo anayehudhuria kliniki: 4,000. Kila mwanafunzi wa msingi: 2,000, wasizidi wanne. Wa kidato cha kwanza hadi cha nne: 4,000. Wa kidato cha tano na sita: 6,000. Kikomo cha kaya kilikuwa 38,000 kwa mwezi, na malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili.

Kaya ya watu watano yenye wanafunzi wawili wa msingi na mtoto mmoja wa kliniki ilipata 10,000 + 4,000 + 4,000 + 4,000, yaani 22,000 kwa mwezi. Gawanya kwa watu watano na siku thelathini: ni shilingi 147 kwa mtu kwa siku.

Yeyote anayesema hela hii inamfanya mtu aache kazi, tunamwomba afanye hesabu hiyo kwanza.

Basi, kama ni kidogo hivyo, inaondoaje umaskini?

Peke yake haiondoi, na tunadhani wanaoutetea mpango huu hukosea wanapoahidi hivyo. Katika utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18, mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na Watanzania asilimia 26.4 walikuwa chini yake. Tukiihesabu kaya yetu ya watu watano kuwa sawa na watu wazima wanne, inahitaji kama shilingi 197,000 kwa mwezi. Ruzuku ya 22,000 ni kama asilimia 11 ya hapo.

Asilimia 11 inafanya nini? Inategemea ulikuwa umesimama wapi. Mtu aliyekuwa karibu na mstari anavuka. Aliyekuwa mbali chini anapanda hatua moja bila kuvuka, na takwimu ya "idadi ya maskini" haitamwona kabisa ingawa watoto wake sasa wanakula mara mbili badala ya mara moja. Ndiyo maana inafaa kuangalia na kina cha umaskini, yaani mtu yuko mbali kiasi gani na mstari, pamoja na idadi. Tathmini ya mpango wetu ilionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi kwa kaya za walengwa umepungua kwa asilimia 10 na ule uliokithiri kwa asilimia 12. Kwa fedha ndogo namna hiyo, hayo si matokeo ya kubeza.

Chamwino kulionekana nini?

Matokeo ni ya wilaya zote tatu za majaribio kwa pamoja. Watoto wa chini ya miaka mitano waliugua siku chache zaidi. Kaya nyingi zaidi zilijiunga na mfuko wa afya ya jamii. Watoto wengi zaidi walimaliza darasa la saba, na wengi zaidi walikuwa na viatu. Kaya zilinunua mifugo midogo, mbuzi na kuku. Safari za zahanati zilipanda mwanzoni kisha zikashuka, jambo linaloendana na watu kuwa na afya bora baada ya muda. Ukilinganisha na picha ya mtu aliyelala chini ya mbuyu akisubiri malipo, mtu anayenunua mbuzi amejiongezea kazi ya kumchunga.

Lakini nchi tajiri si zimegundua ruzuku inaua kazi?

Ziligundua kwamba ruzuku iliyopangwa vibaya inaweza kufanya hivyo. Marekani, miaka ya 1980, mama aliyekuwa kwenye mpango wa misaada ya familia akipata kazi, baada ya miezi minne ya mwanzo kila dola aliyopata ilipunguza msaada wake kwa karibu dola nzima. Ni kama kutozwa kodi ya asilimia 100. Ukiongeza nauli na gharama ya kumlelea mtoto, kwenda kazini kulikuwa hasara. Mpango huo ulifutwa mwaka 1996. Nchi hiyo hiyo ina mpango mwingine ulioanza mwaka 1975, ambao fedha inaongezeka kadiri mtu wa kipato cha chini anavyofanya kazi, na huo uliwaingiza kina mama wengi kazini. Kisha mwaka 2021 malipo ya watoto yalipanuliwa kwa muda, na umaskini wa watoto kwa kipimo chao kipana ukashuka hadi asilimia 5.2. Yalipokoma, mwaka 2022 ukapanda hadi 12.4.

Somo kwetu liko kwenye namna fedha inavyoondolewa. Ruzuku ya TASAF haipungui kwa sababu umeuza debe tatu za karanga mnadani. Mtego wetu uko mahali pengine.

Nikiezeka bati wataniondoa?

Hapa ndipo mtego ulipo. Kaya huchaguliwa kwa hatua tatu: mkutano wa kijiji unataja walio maskini zaidi; dodoso linajazwa kuhusu watu wa kaya, nyumba na mali; kisha majina yanarudi mkutanoni kuthibitishwa. Baada ya miaka kadhaa kaya huhakikiwa upya, na zilizoimarika huhitimu na kutoka.

Kwa kuwa dodoso linaangalia vitu vinavyoonekana, baadhi ya walengwa wanaogopa kuonekana wameendelea. Bati zinanunuliwa na kufichwa kwa ndugu, au mbuzi wanachungwa kwa jina la shemeji. Watu hao kazi hawajaacha. Wanaficha matunda yake, na nyumba inaendelea kuvuja bure.

Tunavyoona, dawa ni mbili. Kwanza, viongozi waseme wazi kwenye mkutano kwamba bati peke yake halimtoi mtu: dodoso linapima mambo mengi kwa pamoja, na uhakiki haufanyiki kila mwezi. Pili, anayehitimu asiachwe ghafla bila kitu. Kuhitimu kuendane na kuunganishwa na kikundi cha akiba, mkopo wa halmashauri na bima ya afya.

Kwa nini wasipewe kazi badala ya hela?

Wanapewa. Kaya zenye mtu mwenye nguvu, wa miaka 18 hadi 65, huingia kwenye ajira za muda: malambo, barabara za kijiji, upandaji miti, matuta ya kuzuia mmomonyoko. Katika awamu ya kwanza ujira ulikuwa 2,300 kwa siku, siku 60 kwa mwaka, yaani 138,000.

Mahali panapoharibika ni ratiba. Kazi hizi zinatakiwa ziangukie kiangazi, Julai hadi Oktoba, watu wakiwa hawana shamba la kushughulikia. Vifaa vikichelewa na kazi ikasogea hadi Desemba, mpango unamtoa mlengwa shambani kwake kipindi kile kile ambacho tulisema kinaamua mavuno. Kijiji kina haki ya kukataa ratiba kama hiyo. Liibueni suala hilo mapema, wakati miradi inapangwa, na mhakikishe limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano.

Malipo yangu yamekatwa. Nifanye nini?

Kwanza jua kilichokatwa. Sehemu ya msingi hutolewa kwa kuwa kaya ni maskini. Sehemu ya masharti inategemea kliniki na mahudhurio ya shule, ambayo kwa mwanafunzi ni asilimia 80 ya siku za masomo. Mara nyingi mtoto alihudhuria ila fomu haikujazwa au ilifika halmashauri imechelewa. Nenda kwa mwalimu au mhudumu wa zahanati uone rejesta yenyewe.

Kama malipo yote hayakuja na unalipwa kwa simu, angalia laini. Inatakiwa isajiliwe kwa jina lako na kitambulisho cha taifa. Jina la kwenye kitambulisho likitofautiana na la kwenye daftari la walengwa, hata kwa herufi moja, muamala unaweza kurudi. Kwa wazee, alama za vidole zilizofutika kwa jembe ni tatizo la mara kwa mara. Waombe msaada wa kusajiliwa mapema, wasingoje wiki ya malipo. Namba ya siri usimpe mjukuu wala wakala.

Malalamiko yaanze kwenye kamati ya mpango, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mratibu wa TASAF halmashauri. Andika jina, namba ya kaya, awamu ya malipo na kiasi ulichokosa. Baki na nakala yenye tarehe.

Na mtu yeyote asikate mchango wa madarasa au wa sherehe palepale mezani pa malipo. Kama una mchango wa kijiji, utaulipa kama wanakijiji wengine, kwa risiti.

Nimenunua kuku kwa hela hiyo, wakafa wote. Nilikosea wapi?

Karibu kila mara ni mdondo, wengine huita kideri. Banda zima linaweza kwisha kwa wiki. Chanjo ya I-2 hutolewa tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kwa kuku wazima na vifaranga. Kichupa kimoja kina dozi za kuku mamia na kikifunguliwa hakikai, kwa hiyo kaya moja yenye kuku sita haiwezi kukinunua kwa faida. Changieni kaya ishirini au thelathini, mumwite afisa mifugo siku moja, asubuhi na mapema kabla kuku hawajafunguliwa. Usichanje aliyekwisha kuugua. Kuku uliyemnunua mnadani mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya. Kuku mgeni ndiye huingiza ugonjwa.

Kikundi cha akiba kinasaidia kweli?

Kikisimamiwa. Wanachama 10 hadi 15, kikao kila wiki siku ile ile, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wasio ndugu. Sanduku halifunguliwi nje ya kikao. Hela huhesabiwa mbele ya wote. Kila mtu ana kitabu chake. Vikundi hufa kwa sababu tatu tunazoziona tena na tena: kukopesha asiye mwanachama, mwenyekiti kukopa zaidi ya hisa zake, na kugawana mwezi mbaya. Wengi hugawana Juni, wakati kila nyumba ina mtama na hela inaishia kwenye sherehe. Hamishieni mgao Novemba.

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri si bora kuliko ruzuku?

Ni vitu viwili. Mkopo huo hauna riba, na hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Unamfaa aliye na biashara inayozunguka, kama kikundi cha kukamua alizeti au kuuza zabibu. Ukimkopesha mtu asiye na chakula cha wiki hii, ataula mkopo, kisha atakuwa na njaa na deni.

Na mzee asiyeweza kazi kabisa?

Kwake swali la uvivu halina maana. Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 mwaka 2016, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila dodoso. Tungependa kuona Bara ikifika hapo. Wazee wengi hapa ndio wanaolea wajukuu.

Kama mngeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu?

Tarehe. Kiasi tungekiongeza pia, lakini hata hiki kilichopo, kikifika kwa uhakika mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kinanunua mbegu kabla ya mvua ya kwanza na chakula cha wiki za palizi. Hela ile ile ikifika Machi inakuta shamba limeshaharibika, inalipa deni la unga la Januari, na jirani anaona hakuna kilichobadilika. Mabaraza ya madiwani ya Dodoma yanaweza kulisukuma hili bila kungoja sheria mpya: waulize waratibu wao, kila Septemba, malipo ya kabla ya mvua yamepangwa tarehe ngapi, na tarehe hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila kijiji.